Pointi 550 kwa 0

Kombe lile lilikuwa bado kwenye kabati la vioo, ofisini kwa mkuu wa chuo, siku niliyokabidhi funguo na kustaafu. Ni kombe la shaba lenye masikio mawili, moja limelegea. Wageni walipofika ofisini walilitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi, nami miaka mingi nilifurahi iwe hivyo. Katika insha hii nataka kueleza jinsi tulivyolipata, lakini nitaanza mbali, kwani nisingekuwa na ujasiri wa kulieleza jambo hili kama nisingekutana na habari za timu nyingine, ya chuo kingine, iliyochukua ubingwa wake zaidi ya miaka 90 kabla yetu, katika nchi nyingine na kwa mpira wa aina nyingine.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka 1965, tulifundishwa jiografia na kijana mmoja Mmarekani wa kujitolea. Alitoka jimbo la Michigan. Alipenda kutuambia kwamba wazo la kuwaleta vijana kama yeye huku kwetu lilitangazwa nje ya jengo la wanafunzi la chuo chake, katika mji wa Ann Arbor, na John Kennedy mwenyewe, usiku mmoja wa Oktoba mwaka 1960, kabla hajachaguliwa kuwa Rais. Jioni alitufundisha mpira wa kwao, ule unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu. Tulicheka sana. Mpira gani huu una ncha mbili kama embe, na watu wanaangukiana kama magunia ya korosho? Naye hakuchukia. Alituambia kwamba chuo chake kiliwahi kucheza msimu mzima bila kufungwa hata pointi moja. Tulidhani anatia chumvi, kama kawaida ya mtu aliye mbali na kwao.

Mwaka 2011, nikiwa mstaafu, binti yangu aliyekuwa akiishi na mumewe pande hizo aliniita nikawatembelee. Nikaenda Ann Arbor. Nilioneshwa uwanja wao wa mpira, unaochukua zaidi ya watu 100,000, shimo kubwa lililochimbwa ardhini hata ukiwa barabarani hujui ukubwa wake. Nikamkumbuka mwalimu wangu, nikaomba nitafutiwe vitabu. Nilisoma wiki tatu, mwanzoni kwa mchezo tu, baadaye kwa moyo mzito. Hakuwa ametia chumvi.

Mtu wa kumzungumzia ni Fielding Yost. Alizaliwa mwaka 1871 huko West Virginia, mtoto wa mtu aliyepigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alisomea sheria lakini mahakama haikumvuta kama uwanja. Kwa miaka minne mfululizo alifundisha timu nne tofauti: Ohio Wesleyan mwaka 1897, Nebraska mwaka 1898, Kansas mwaka 1899, na Stanford, California, mwaka 1900. Kila alipofika alishinda, na kila alipokwisha kushinda alihama. Huko Stanford hakuhama kwa hiari. Chuo kiliamua kwamba tangu sasa timu itafundishwa na mtu aliyesoma Stanford tu, na Yost hakuwa amesoma pale. Akaandika barua kuomba kazi chuo cha Illinois. Illinois hawakuwa na nafasi, wakaipeleka barua ile kwa jirani zao wa Michigan, ambao kocha wao alikuwa ameondoka kurudi kwao Princeton. Hivyo ndivyo mtu anavyopata kazi ya maisha yake, kwa barua iliyopotea njia. Alikaa Michigan hadi uzee.

Kabla sijaeleza msimu wenyewe, lazima nieleze mpira ulivyokuwa, kwani hata Wamarekani wa leo wasingeutambua. Haikuruhusiwa kuurusha mpira mbele. Timu ilipewa majaribio matatu kusogea yadi 5 tu. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani kulikuwa na pointi 5, siyo 6 kama leo, kisha pointi 1 ya kupiga teke baada ya hapo. Watu walijipanga, wakashikana, wakasukuma. Ilikuwa kazi ya nguvu, ya kifua na mabega. Alichofanya Yost ni kuleta haraka. Wachezaji wake walifundishwa kwamba mara tu wanapoangushwa wasilale kuhema. Mwongoza timu ataje mpango unaofuata wakati watu bado wanainuka, na mpira uanze kabla wapinzani hawajajipanga. Aliwahimiza kwa kelele siku nzima, hata wakampa jina la utani kwa neno lile la kuhimiza, kama sisi tungalimwita Bwana Harakeni.

Nami nawafahamu walimu wa timu wa namna hiyo. Nilimwajiri mmoja, nitamfikia.

Msimu wa mwaka 1901 ulianza kwa kuifunga Albion 50 kwa 0. Wiki iliyofuata, chuo cha Case, 57 kwa 0. Indiana 33, Northwestern 29. Kisha ikaja timu ya Buffalo kutoka jimbo la New York. Hawa hawakuwa dhaifu. Msimu ule ule walikuwa wameishinda Columbia, chuo chenye jina kubwa mashariki, na magazeti ya mashariki yalidhani watawafunza adabu hawa watu wa porini. Walifungwa 128 kwa 0, na mchezo ulikatishwa kabla ya muda kwisha. Kipo kisa kinachosimuliwa kwamba mchezaji mmoja wa Buffalo alikutwa amejifunika blanketi kwenye benchi la Michigan, na alipoambiwa amekosea upande akajibu kwamba anajua, ila kule kwao watamrudisha uwanjani. Iwe kweli au iwe hadithi, mimi niliyekaa kwenye mabenchi mengi ya timu iliyofungwa naiamini.

Baada ya hapo walicheza Detroit na vijana wa shule ya Carlisle, shule ya bweni ya serikali iliyowachukua watoto wa Wahindi Wekundu kutoka kwa wazazi wao ili wafanywe wazungu. Walifungwa 22 kwa 0, lakini nilipokuwa nikisoma nilisimama hapo muda mrefu kuliko penye ile 128. Wakaja Ohio State 21, Chicago 22, Beloit 89, Iowa 50. Michezo 10 bila kufungwa pointi. Kwa sheria za umoja wa vyuo vya Magharibi, ubingwa uligawanywa na Wisconsin, ambayo nayo haikushindwa mwaka huo. Ubingwa wa nchi nzima haukuwa na kombe wala mashindano. Walioandika takwimu baadaye wengi wao wanaitaja Michigan, wengine Harvard.

Hapo msimu ungekwisha. Lakini katika mji wa Pasadena, California, palikuwa na sherehe ya maua kila Mwaka Mpya, na waandaaji wakafikiri mechi ya mpira italeta watu. Wakawaalika Michigan wakacheze na timu ya pwani ile. Timu ile ilikuwa ipi? Stanford. Ndiyo, chuo kile kile kilichomwambia Yost kwamba hatakiwi kwa kuwa hakusoma pale.

Wakasafiri kwa treni kutoka kwenye baridi kali ya Desemba hadi penye jua na michungwa. Tarehe 1 Januari 1902 walikuwepo watazamaji wapatao 8,000. Kwa muda Stanford walijikaza. Kisha mlango ukafunguka. Neil Snow peke yake alifikisha mpira nyuma ya mstari mara 5. Michigan haikubadili mchezaji hata mmoja. Watu 11 walioanza ndio waliomaliza. Zikiwa zimebaki dakika 8 hivi, nahodha wa Stanford, Ralph Fisher, alimwendea nahodha wa Michigan, Hugh White, akasema wao wametosheka. White akakubali. 49 kwa 0. Waandaaji waliona aibu na kuchukia mpira kiasi kwamba kwa miaka mingi waliweka mchezo mwingine mahali pake, yakiwemo mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi kama ya Warumi wa kale. Mpira haukurudi kwenye sherehe ile hadi mwaka 1916. Jumla ya msimu, michezo 11: pointi 550 kwa 0.

Sasa msomaji wangu, kama ningeishia hapa, ningekuwa nimekuandikia habari nzuri ya mwalimu mpya aliyefika, akafundisha, akashinda. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia na habari yangu mwenyewe. Kilichonikamata kooni ni mtu mmoja katika timu ile, Willie Heston.

Heston alikuwa mwanafunzi wa ualimu! Alisoma San Jose, California, katika chuo cha ualimu cha jimbo, kilichoanzishwa mwaka 1857. (Chuo hicho baadaye kilikua kikawa chuo kikuu, na ndipo walipotoka Tommie Smith na John Carlos, wale vijana weusi walioinua ngumi jukwaani Mexico mwaka 1968. Wa umri wangu hatujaisahau picha ile.) Mwaka 1900, Yost alipokuwa Stanford, vijana wa San Jose walimwomba awanoe kwa ajili ya mchezo wa marudiano na chuo kingine cha ualimu, cha Chico. Yost akamtazama Heston, ambaye walikuwa wakimpanga katikati pamoja na wenye miili ya kusukumana, akaona miguu yake, akamhamishia nyuma akimbie na mpira. Walishinda. Basi Yost alipopata kazi Michigan alimwandikia Heston amfuate. Kijana alikwisha kupata cheti chake cha ualimu, yuko tayari kwenda kufundisha watoto. Badala ya darasani akaenda Michigan kusoma sheria, na kucheza. Akacheza miaka minne huko, juu ya ile aliyokwisha kucheza San Jose. Hapakuwa na sheria ya kumzuia, au ilikuwepo na watu wakatazama pembeni.

Sisi kwetu tuna jina la mchezaji wa namna hiyo. Sisemi kwamba Heston alikuwa mamluki kamili. Alisoma kweli, akawa mwanasheria kweli, na baadaye hakimu huko Detroit. Lakini Yost mwenyewe aliwahi kuwa mamluki bila shaka yoyote. Mwaka 1896, akiwa mwanafunzi wa sheria West Virginia, alicheza dhidi ya chuo cha Lafayette, na siku chache baadaye akaonekana amevaa jezi ya Lafayette hiyo hiyo, akiwasaidia kuifunga Pennsylvania 6 kwa 4, timu iliyokuwa imeshinda michezo 36 mfululizo. Mchezo ulipokwisha akarudi West Virginia kumaliza masomo yake. Mchezo mmoja tu! Mimi nilicheka peke yangu nilipoisoma habari hiyo, halafu nikaacha kucheka.

Maana na mimi nilikuwa na watatu.

Ilikuwa mwaka 1992. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu Daraja la A, sitakitaja. Katika michezo ya vyuo ya kanda tulikuwa tumefungwa miaka miwili mfululizo, mara ya pili vibaya sana, nyumbani, mbele ya viongozi wa mkoa. Mwaka huo nililetewa mkufunzi kijana wa elimu ya viungo. Nilimpenda toka siku ya kwanza. Aliwaamsha vijana saa kumi na moja alfajiri, akawakimbiza hadi mtoni na kurudi. Uwanja uliokuwa malisho ya mbuzi ukafyekwa, mistari ikachorwa kwa majivu. Hata wasichana wakaunda timu ya netiboli iliyotisha. Chuo kikawa na uhai. Wakufunzi wenzake walisema huyu kijana ana nuru, nami nilikubali.

Wiki tatu kabla ya mashindano alikuja ofisini jioni, akafunga mlango.

"Mkuu," alisema, "timu ipo. Ila mbele hatuna mtu. Nahitaji vijana watatu."

Nilimuuliza atawatoa wapi. Akasema anawafahamu, wanacheza mtaani mjini, wawili wamewahi kuchezea daraja la kwanza. Nilinyamaza. Nakumbuka nilitazama dirishani, nikaona vijana wakitoka kuoga bombani. Nikamuuliza fomu je? Maana fomu za usajili zilitaka jina la mwanachuo, namba yake, picha, sahihi ya mkuu na mhuri wa chuo. Akasema wawili watatumia majina ya watoro, wale walioripoti na kuondoka. Wa tatu atatumia jina la mwanachuo aliyepo, kwa kuwa watoro wenye umri unaofaa wamekwisha.

Nilisaini. Sikulazimishwa na mtu. Ofisa wa juu hakunipigia simu, kwanza simu yenyewe ilikuwa haifanyi kazi. Nilisaini zote tatu, nikagonga mhuri.

Jina la tatu lilikuwa la kijana mmoja wa mwaka wa pili, winga wa kushoto. Nitamwita Winga, ndivyo wenzake walivyomwita. Alitoka kijiji cha mbali, mtoto wa mjane. Alicheza timu ya chuo tangu mwaka wa kwanza. Siku ile tuliyofungwa vibaya alikuwa peke yake aliyemaliza mchezo akikimbia. Hakuwa mchezaji mkubwa, lakini ungemwamini akushikie mtoto. Yeye ndiye aliyeambiwa kwamba, kwa faida ya chuo, jina lake litachezewa na mwingine, na yeye asafiri na timu kama msaidizi wa vifaa. Kwa hiyo alifua jezi. Ile ya namba 11 aliifua na kumkabidhi mtu aliyeivaa kwa jina lake.

Tulichukua kombe. Fainali tulishinda 3 kwa 0, na mabao mawili yalifungwa na "Winga". Mgeni rasmi akatangaza mchezaji bora wa mashindano, akasoma jina, na yule mgeni wetu akapanda jukwaani akapokea cheti kilichoandikwa jina la mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya basi akikusanya chupa za maji. Niliona. Nilikuwa jukwaani, nilipiga makofi. Tuliporudi tulichinja ng'ombe. Watatu wale walilipwa wakashukia mjini, na cheti akapewa mwenye jina.

Nirudi Michigan, kwani kuna mtu mwingine pale ambaye ningependa kukaa naye kwenye baraza tuzungumze. Ni mkuu wa chuo chao, James Angell, aliyekiongoza tangu mwaka 1871 hadi mwaka 1909. Yost alipokuja, Angell alikuwa mzee wa miaka 72. Kwa misimu mitano timu yake ilicheza michezo 56 bila kushindwa, sare moja tu, na Minnesota mwaka 1903. Wakaitwa timu ya pointi moja kila dakika. Wahitimu walifurahi, fedha za viingilio zilijaa. Mkuu wa chuo angesema nini? Lakini mwaka 1905 mambo yalichacha. Gazeti la Collier's lilichapisha makala za Edward Jordan juu ya vyuo vinavyonunua ushindi kwa wachezaji wasiosoma, Michigan ikiwemo. Msimu ule ule vijana 18 au zaidi walikufa viwanjani Marekani nzima, wengi wao wa shule na timu ndogo, hata Rais Roosevelt akawaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu.

Januari 1906 Angell aliwaita wenzake wa umoja wa Magharibi wakutane. Walitoka na masharti: mwanafunzi akae chuoni mwaka mzima kabla ya kuchezea timu, asicheze zaidi ya miaka mitatu, michezo ya msimu ipunguzwe hadi 5, na kocha awe mwalimu wa kawaida wa chuo, asiajiriwe kwa msimu wa mpira tu. Mzee wa miaka 77 alisimama mbele ya kitu kilichokuwa kikimletea sifa akasema basi. Hakushinda moja kwa moja. Yost na wahitimu hawakukubali, na mwishowe Michigan ikajitoa katika umoja ule, ikakaa nje hadi mwaka 1917. Lakini alisimama. Mimi nilikuwa na miaka 42, na mtu aliyekaa mbele yangu alikuwa mkufunzi wa mwaka wa kwanza kazini. Ningeweza kumwambia hapana kisha tukanywa chai.

Mlolongo ule wa ushindi ulikatika Chicago, Novemba 30, 1905. 2 kwa 0. Mchezaji wa Michigan, Denny Clark, aliudaka mpira nyuma ya mstari wake mwenyewe, akajaribu kutoka nao badala ya kulala nao palepale, akasukumwa nyuma, na hapo ndipo pointi zile mbili zilipotoka. Michezo 56, pointi zaidi ya 2,800, na watu wakakumbuka hatua mbili za kijana mmoja. Magazeti yalimwandama. Mwaka 1932 alijiua, na iliandikwa kwamba katika barua aliyoacha alitaja kosa lile la uwanjani. Najua mtu hajiui kwa sababu moja. Lakini miaka 27! Mwalimu yeyote aliyewahi kumkaripia kijana mstarini mbele ya wenzake na aisome habari hiyo mara mbili.

Na Yost? Aliendelea. Alikuwa mkurugenzi wa michezo tangu mwaka 1921 hadi mwaka 1940. Uwanja ule nilioonyeshwa, uliofunguliwa mwaka 1927, ni kazi yake. Ana mazuri yake. Lakini katika miaka yote aliyokuwa kocha hakuchezesha mtu mweusi hata mmoja, ingawa Michigan ilikwisha kuwa na George Jewett mwaka 1890, kabla yake. Na Oktoba 1934, Georgia Tech walipokuja na sharti kwamba hawatacheza na mtu mweusi, Willis Ward, mmoja wa wachezaji bora wa Michigan, aliwekwa nje ya timu katika uwanja wa chuo chake mwenyewe, Yost akiwa mkurugenzi. Mchezaji mwenzake na rafiki yake, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa Rais, alichukizwa sana, lakini alicheza. Michigan walishinda 9 kwa 2. Ndio mchezo pekee walioshinda msimu ule. Mwaka 2021 kamati ya chuo ilipendekeza jina la Yost liondolewe kwenye jengo la michezo linaloitwa kwa jina lake. Niliposikia hayo kutoka kwa binti yangu nilimuuliza, na zile 550 wataziondoa wapi?

Nimetangulia mbele ya habari. Mwaka 2006, nikiwa karibu na kustaafu, nilizungukia shule za msingi kuwatazama wanachuo wetu wa mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja ya mwisho wa barabara, ambako gari liliachwa ng'ambo ya mto tukavuka kwa miguu, mwalimu mkuu alitoka kunipokea. Alikuwa na mvi kidogo.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Nakufahamu?"

"Namba kumi na moja, Mkuu."

Alinikaribisha ofisini. Shule yake ilikuwa safi, madarasa manne ya tofali za kuchoma na moja la miti. Alikuwa akifundisha mpira mwenyewe, wavulana na wasichana pamoja, kwa mpira wa matambara na mmoja wa ngozi uliofungiwa kabatini kwa ajili ya mashindano ya kata. Ukutani palikuwa na ratiba, picha ya Baba wa Taifa, na cheti kile. Kilikuwa kwenye fremu. Nilikitambua kabla sijakisoma, kwa mhuri wangu.

Nilidhani atanilaumu, nikawa tayari. Hakunilaumu. Alisema kilitundikwa na mwalimu mkuu aliyemtangulia, aliyekikuta katika jalada lake la ajira, akaona fahari kuwa na mwalimu mwenye sifa ile. Wazazi walikiona, watoto walikiona. Alipokuja kushika shule hakujua akitoe kwa maelezo gani.

"Watoto huniuliza nilifungaje yale mabao mawili," alisema.

"Huwaambia nini?"

"Mwanzoni nilisema sikumbuki. Sasa nawaambia kwa mguu wa kushoto."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Kisha akaniuliza swali lake moja, kwa upole, kama anayeuliza saa: "Mkuu, fomu zile ulizisoma, au ulisaini tu?"

Nilimwambia nilizisoma.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema ndivyo alivyodhani, ila kwa miaka 14 alikuwa akijiambia labda mkuu hakusoma. Akaniomba nimwandikie barua, ya maneno machache tu, inayoeleza mambo yalivyokuwa, ili siku atakayokitoa cheti ukutani awe na karatasi ya kuweka mahali pake. Maana akisema peke yake wataona ni mtu anayejikana. Nikasema nitaiandika nikifika nyumbani. Akanisindikiza hadi mtoni, akavua viatu akavuka nami, akarudi.

Barua hiyo sikuiandika. Nilianza mara kadhaa kwa kichwa cha habari cha chuo, nikaona sina haki ya kutumia karatasi ya chuo. Nikaanza kwa karatasi yangu, nikaona haina uzito. Nikastaafu. Nimeuliza, bado yuko shule ile ile, amebakiwa na muda mfupi naye apumzike. Kitabu hiki kikitoka kwa mchapaji, nakala ya kwanza nitaipeleka stendi mwenyewe nimkabidhi kondakta wa basi la kule, na ukurasa huu nitaukunja pembe. Chini yake nitaweka sahihi, ile ile ya mwaka 1992, bila mhuri.